Vumbi la Kwangu na Vumbi la Ahmadi

Jumatatu, 2 Septemba

Chai ya asubuhi ilikuwa na utando mwekundu juu. Nikauondoa kwa kijiko. Ukaja mwingine. Nikanywa hivyo hivyo.

Tangu Julai matipa ya kifusi yanapita mbele ya nyumba yetu hapa Rasbura, asubuhi mpaka jioni, kwenda kule mlimani wanakojenga mji mpya. Hoteli, maduka, na nyumba za watu ambao hakuna anayewajua. Kuta zangu zilikuwa nyeupe. Sasa nyekundu. Mjukuu wangu Salome, miaka minne, anakohoa wiki ya pili hii. Ana pumu. Mama yake, binti yetu Restuta, ni mwalimu kule Likawage, na alimleta kwetu ili awe karibu na hospitali. Kweli yuko karibu na hospitali. Yuko karibu zaidi na matipa.

Lakini leo, neema! Mwenyekiti wa mtaa, Bi Naima, kapita na binti mmoja mwenye begi mgongoni. Anaitwa Devota. Mtaalamu wa mazingira. Ametumwa kupima vumbi la ujenzi, kisha matokeo yatasomwa mbele ya wananchi na mbele ya mkandarasi. Ana mashine mbili. Mwenye nyumba inayowekwa mashine anaitwa mlinzi wa kituo. Anapewa kizibao cha njano chenye mistari inayong'aa, na jina lake linaingia kwenye ripoti.

Jina langu. Kwenye ripoti. Miaka ishirini na sita nimekuwa karani wa mizani kwenye ghala la korosho, na hakuna ripoti hata moja iliyowahi kunitaja kwa wema.

Kisha pigo. Mashine ya kwanza kapewa Ahmadi! Ahmadi wa ng'ambo ya barabara, fundi saa mstaafu, yule yule aliyenishinda ukatibu wa kikundi cha kuzikana. Ya pili, anasema Devota, itakwenda chekechea, kwa kuwa watoto ndio wanaoumia zaidi.

Nikatulia. Nikafikiri haraka. Nikamwambia Devota, kwa upole wa mtu mzima, kwamba watoto wa chekechea watatia karanga kwenye ile mashine. Watatia na mawe. Mmoja atatia kidole. Nikamweleza kisa cha mtoto aliyetia kidole kwenye mashine ya kusaga. Kisa hicho sikumbuki nilikisikia wapi, huenda nilikitunga pale pale.

Devota akafikiri. Bi Naima akafikiri. Mashine inakuja kwangu.


Jumanne, 3 Septemba

Imefungwa! Kisanduku cheupe juu ya miguu mitatu, kina mdomo kama wa tarumbeta. Kinavuta hewa mchana na usiku. Ndani kuna karatasi nyeupe inayokamata vumbi, ambayo Devota ataichukua kila Jumatatu akaipime. Pembeni kuna kioo kidogo kinachoonyesha namba, na kila robo saa kinaiandika namba hiyo tumboni mwake. Devota kanipa masharti: kisisogezwe, pasifagiliwe karibu, pasiwashwe moto karibu. Nikaitikia yote. Nikaweka sahihi.

Nimekivaa kizibao kwenda sokoni. Muuza samaki mmoja kaniuliza kama barabara imefungwa. Nikamwambia hapana, nakagua hewa. Akanipa nafasi mbele ya foleni. Mke wangu Stefania hakuja nami. Amesema atakwenda peke yake kesho.

Jioni nikapiga hesabu ya namba zangu. Mara mbili ya kikomo alichonitajia Devota. Nikafurahi. Nikavuka barabara kwenda kumjulia hali Ahmadi, jambo ambalo sijalifanya tangu Pasaka.

Namba zake mara tatu ya kikomo.

Mara tatu! Nyumba ya Ahmadi iko upande upepo unakoelekea, mashine yake inakula vumbi lote lililotoka kwangu. Hilo ni vumbi langu! Kasimama pale na kizibao chake kimepigwa pasi, watu watano wamemzunguka wanampa pole. Mzee wa watu, hewa anayovuta! Mama mmoja kamletea maziwa.

Mimi sikuletewa hata maji.


Alhamisi, 5 Septemba

Nimegundua tatizo. Ni ua wa michongoma.

Stefania aliupanda mbele ya dirisha la chumba anacholala Salome. Umestawi, umefika kimo cha mtu, na majani yake yote ni mekundu. Maana yake nini? Maana yake ua unakula vumbi ambalo kwa haki ni la mashine. Hii si kudanganya. Ni kuondoa kizuizi. Hata kwenye mizani mtu huondoa jiwe lililokaa chini ya sahani.

Stefania alipokwenda sokoni nikachukua panga. Saa mbili za kazi. Mikono imechanika. Namba ikapanda kidogo tu. Na jioni, Ahmadi wa watu, bila kukata hata jani moja, naye akapanda!

Stefania karudi. Kasimama mbele ya visiki, kikapu bado kiko kichwani. Kaniuliza nani kafanya hivi. Nikamwambia sayansi.

Hakupiga kelele. Ningependa apige kelele. Alisema ule ua ndio uliokuwa unamkinga mtoto, kisha akaingia ndani, akalowanisha khanga mbili na kuzitundika dirishani. Usiku kucha nimemsikia Salome akikohoa. Nimejiambia ni mafua.


Jumamosi, 7 Septemba

Nimekaa na mizani miaka ishirini na sita. Jambo moja nalijua: hakuna kipimo kisichosikia maneno. Nimewaona wakulima wakitia mchanga kwenye magunia ya korosho. Nimewaona wakimwagia maji. Nilikuwa nawakamata wote, kwa sababu walikuwa na papara. Mimi sina papara.

Leo, saa moja kasorobo asubuhi, matipa hayajaanza, Stefania bado yuko kwenye misa ya asubuhi. Nikachota majivu ya jikoni kwenye ungo. Yalikuwa machache, nikaongeza unga wa muhogo ulioingia wadudu, ambao kwa vyovyote ulikuwa wa kutupwa. Nikasimama hatua tatu kutoka kwenye mashine, upepo mgongoni. Nikapepeta. Taratibu, kama mama anayepepeta mchele wa harusi.

Kioo kikaruka! Mara kumi ya kikomo!

Nikawaita majirani. Wakaja kwa mbio. Nikawaonyesha namba na kukohoa kidogo, kwa heshima. Wakashika vichwa. Mama wa maziwa alikuwepo. Hatimaye nikaletewa maziwa.

Ahmadi naye alikuja. Akainama mbele ya kioo. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. Akatazama saa yake ya mkononi. Akaniambia, "Pole, jirani," akaondoka. Hakuna kingine.

Wivu ni kitu kibaya sana.


Jumatatu, 9 Septemba

Jana nimepepeta tena. Leo nimepepeta tena. Kazi inachosha mabega, lakini mkono umeshazoea.

Devota kaja kuchukua karatasi. Akaniamkia shikamoo, nikamwitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayeumia kifua. Akaifungua mashine. Karatasi iliyopaswa kuwa nyekundu imekuwa ya kijivu. Akaitazama muda mrefu. Akaniuliza kama kuna mtu anayechoma taka hapa karibu. Nikamwambia hapana. Na ni kweli! Majivu yalishaungua zamani.

Akaniuliza mbona namba inaruka kabla matipa hayajaanza. Nikamweleza juu ya upepo wa kusi, unavyolala usiku na kuamka alfajiri ukiwa na njaa. Akaandika kwenye daftari lake. Nadhani ameandika neno kusi. Binti msikivu.

Kwa Ahmadi alikaa dakika tano tu. Kwangu karibu saa nzima. Naona ni wazi nani ana kituo muhimu.


Jumanne, 10 Septemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Saa moja kasorobo nilitoka na ungo kama kawaida. Majivu yalikuwa mengi kwa sababu Stefania alichemsha maharage jana. Nilipepeta kwa nguvu. Upepo ukageuka. Sikuwa nimemwona Salome. Alikuwa ameamka, akanifuata nje, akasimama nyuma yangu na gauni lake la kulalia, anataka kuona babu anapepeta nini. Wingu lote likampata usoni.

Kwanza akacheka. Kisha akakohoa. Kisha kikohozi kikawa hakitoki, na kifua kikaanza kupiga mluzi, na shingo ikawa inaingia ndani kila anapovuta pumzi. Midomo ikabadilika rangi. Nikamwita jina. Ananitazama tu. Hana hewa ya kuitikia.

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini. Stefania hakuwa amerudi kutoka misani. Aliyekuja ni Ahmadi. Alivuka barabara peku, na shuka lake kiunoni, akamnyakua mtoto, akamwegemeza wima kifuani mwake. Akaniambia nisimlaze. Mkwewe ana bajaji. Akanipakatisha mtoto, akaiwasha mwenyewe, ingawa tangu tuwe majirani sijawahi kumwona akiendesha chochote. Njia nzima Ahmadi anamwambia mtoto, taratibu mama, taratibu, vuta kidogo, toa kidogo.

Hospitali wakamwekea kinyago cha mvuke. Nusu saa. Midomo ikarudi. Stefania akafika anahema, khanga imeshuka kichwani.

Daktari akatuuliza, "Asubuhi hii kulikuwa na vumbi au moshi karibu naye?"

"Ni ujenzi, daktari," nikasema. "Matipa haya yatatumalizia watoto."

Daktari akaandika. Stefania hakumtazama daktari. Alikuwa anatazama mikono yangu. Ilikuwa myeupe mpaka kwenye viwiko.

Nikaificha nyuma. Nimechelewa.


Jumatano, 11 Septemba

Salome karudi nyumbani. Kala uji. Kaniuliza kama leo nitapepeta. Nimemwambia babu kaacha. Majivu yote nimeyamwaga shimoni na ungo nimeuosha mara tatu.

Restuta kapiga simu kutoka Likawage, analia. Mtandao wa kule unakatika katika, kwa hiyo nilimsikia akilia vipande vipande. Akaniuliza imekuwaje. Nikamwambia vumbi. Akaniuliza vumbi gani la kumfikisha mtoto hospitali. Nikamwambia la ujenzi. Stefania alikuwa amekaa mbele yangu anachambua mchicha. Alichambua mpaka mchicha ukaisha, akaendelea kuchambua vijiti.

Namba kwenye kioo imeshuka, imerudi mara mbili ya kikomo. Nimekaa nayo mchana kutwa. Mara mbili. Matipa yamepita, nimeyahesabu, arobaini na moja. Salome anakohoa kila linapopita, akiwa ndani, madirisha yamefungwa, khanga mbichi zimetundikwa. Mara mbili tu, bila majivu, na mtoto anakohoa hivi. Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo.

Nimelifikiria kidogo. Kisha nikaanza kuwaza kwamba namba kushuka ghafla hivi itatia shaka. Nikajilazimisha kulala.


Jumamosi, 14 Septemba

Mkutano wa mtaa. Watu wamejaa mpaka nje ya ofisi. Nilivaa kizibao. Nilikaa mbele.

Upande wa mkandarasi alikuja Mhandisi Jerome. Kijana nadhifu, viatu havina hata punje ya vumbi, sijui anapita wapi. Akawasalimu wazee wote mmoja mmoja. Mtu wa hatari.

Devota akasimama. Akaanza na kituo cha Ahmadi. Mara tatu ya kikomo, kila siku ya kazi. Inapanda matipa yakianza, inashuka yakipumzika mchana, inapanda tena, inalala Jumapili. Watu wakanung'unika. Nikajiandaa. Zamu yangu.

Akasema kituo cha pili, kwa Mzee Xaveri, kilitoa namba za kushangaza. Nikainua kidevu. Akasema kwa siku nne mfululizo ziliruka saa moja kasorobo, ikiwemo Jumapili ambayo hakuna tipa lililotembea. Kisha zikashuka, zisiruke tena. Akasema aliipima karatasi, akaitazama kwa hadubini. Kifusi kilikuwamo. Lakini kilichozidi ni majivu ya kuni.

"Na unga," akasema Devota. Akatazama chini. "Wa muhogo."

Kisha mtu nyuma akauliza kama mji mpya unajengwa kwa ugali. Ofisi ikavunjika kwa kicheko. Mama wa maziwa alicheka mpaka akashikwa na wenzake. Mimi nilicheka pia, kidogo, nikitazama huku na huku kama mtu anayemtafuta mhusika.

Mhandisi Jerome hakucheka. Alisubiri watulie. Akasema, kwa sauti laini kama mafuta ya nazi, kwamba anasikitika. Kampuni yake inaheshimu vipimo. Lakini kama kituo kimoja kimepikwa, nani atahakikisha cha pili hakikupikwa? Wazee hawa ni majirani. Yeye anashauri matokeo yote yafutwe, na upimaji uanze upya mwezi wa Desemba.

Desemba! Mvua! Desemba hakuna vumbi hapa, kuna tope. Watapima tope, waseme hewa ni safi, na mwakani kiangazi matipa yatarudi na karatasi yenye mhuri.

Nikaona Devota kafunga daftari. Bi Naima akageuka. "Mzee Xaveri, una neno?"

Nilikuwa nalo. Nilisimama nikaanza kueleza juu ya upepo wa kusi. Nilikuwa nimefika pale unapoamka na njaa, nikasikia nyuma yangu sauti ya Stefania. Alikuwa amesimama mlangoni, Salome yuko mgongoni kafungwa na khanga, kalala, anapumua kwa mluzi. Mluzi ule ulisikika mpaka mbele.

"Baba Restuta," akasema. "Sema."

Nikasema.

Nilianzia mbali, kwenye mizani ya korosho, Bi Naima akanisihi nifupishe. Nikafupisha. Nikasema majivu ni yangu, unga ni wangu, ungo ni wa mke wangu ila hakujua. Nikasema chekechea ilinyimwa mashine kwa sababu ya kisa cha kidole, na kidole chenyewe hakikuwahi kukatika. Nikasema mtoto yule mlangoni hakupelekwa hospitali na ujenzi, alipelekwa na babu yake. Nikatafuta kitambaa mfukoni. Vizibao vile havina mfuko.

Hakuna aliyecheka. Hilo lilikuwa baya zaidi.

Nikamalizia kwamba Ahmadi hakujua lolote. Simpendi Ahmadi, nikasema, lakini mtu huyu hajawahi kuongeza hata dakika kwenye saa ya mtu.

Jerome akasema amelipokea, lakini neno la mtu aliyekiri udanganyifu si ushahidi. Sina budi kukubali kwamba alikuwa na hoja.

Ndipo Ahmadi akasimama. Akatoa ndani ya kanzu daftari la shule, lile la mistari. Tangu siku ya kwanza, kila lilipopita tipa ameandika saa, dakika, kama lilifunikwa turubai au halikufunikwa, na namba iliyokuwa kwenye kioo. Kurasa arobaini! Mwandiko kama wa mashine. Akasema fundi saa akistaafu siku huwa ndefu. Akasema pia kwamba asubuhi za Mzee Xaveri ameziandika, kwa sababu majivu kidogo yalivuka barabara, na amezitenga kwa wino mwekundu ili zisichafue hesabu.

Alijua! Tangu siku ile ya kwanza alipotazama saa, alijua! Na hakumwambia mtu!

Devota akaweka daftari lile kando ya namba za mashine. Mstari kwa mstari, zinalingana. Akampa Jerome asome. Jerome akasoma. Akageuza ukurasa. Akalegeza tai.

Maazimio: barabara imwagiwe maji mara tatu kwa siku. Kila tipa lifunikwe turubai. Na mashine yangu ihamishiwe chekechea, ilikopaswa kuwa.

Nimeambiwa nirudishe kizibao. Nikasema kinahitaji kufuliwa kwanza. Devota akasema watafua wao.


Alhamisi, 19 Septemba

Nimepita chekechea. Nimepita tu, barabara ni ya wote. Mashine imesimama karibu na bembea. Hakuna aliyetia karanga. Watoto wamekatazwa kuigusa, wanaizunguka kama vifaranga wanavyozunguka jiwe. Mwalimu wao kaniambia namba ni mara nne ya kikomo.

Mara nne. Zaidi ya ile ya Ahmadi. Karibu wiki mbili watoto thelathini walikuwa wanavuta hewa ile, nami mashine nilikuwa nayo nyumbani nailisha unga.

Sikukaa sana.

Nyumbani nimemkuta Stefania anapanda michongoma upya. Nikachukua jembe bila kuambiwa. Tumefanya kazi mpaka jua limeinama. Mwishoni kasema mashimo yangu ni mafupi. Nimeyachimba tena. Kisha nikampigia Restuta simu, nikamweleza yote. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika. Haukuwa umekatika.

Kasema atakuja Ijumaa amwone mwanawe. Hakusema atakuja kuniona mimi.


Jumatatu, 30 Septemba

Mambo yamebadilika! Namba za chekechea zilipofika kwa wakubwa, mkandarasi kaambiwa matipa yaache kabisa barabara yetu, yapite nyuma, upande wa mashamba ya chumvi. Asubuhi nimekunywa chai. Nimeiona rangi yake. Salome amelala usiku kucha siku ya sita sasa, na jana amekimbia kutoka mlangoni mpaka kwenye visiki na kurudi bila mluzi. Nilikuwa namhesabia. Ilibidi niingie ndani kidogo.

Ahmadi kachaguliwa mlinzi wa mazingira wa mtaa. Kizibao kipya, cha rangi ya machungwa. Nimempongeza. Nimempelekea hata samaki. Amenishukuru, na ameandika.

Nimekaa barazani nikiyatafakari haya yote kwa utulivu, bila upendeleo. Na ukitafakari vizuri, nani aliyeiokoa Rasbura? Kama mashine ingekwenda chekechea siku ya kwanza, ingekuwa mashine ya kawaida, namba za kawaida, mkutano wa watu kumi. Nani angekuja? Watu walijaa kwa sababu yangu. Jerome alijiamini kupita kiasi kwa sababu yangu. Daftari la Ahmadi lingebaki ndani ya kanzu. Sitarajii shukrani.

Mchana Bi Naima kapita. Kasema matipa yameondoka lakini kule mlimani wameanza kupigilia nguzo, na wiki ijayo Devota anarudi na mashine nyingine. Ya kupima kelele. Itawekwa kwenye nyumba moja tu ya mtaa huu, ile itakayoonekana inaathirika zaidi. Kasema hayo akiwa ananitazama usoni, kwa ukali, na akasema nyumba hiyo haitakuwa yangu.

Tutaona.

Nimelifikiria sana kosa langu. Sikosei mara mbili. Kosa langu lilikuwa majivu. Majivu yanakaa kwenye karatasi, yanaonekana kwa hadubini. Kelele haikai popote. Na kosa la pili, nilipepeta kabla kazi haijaanza. Safari hii nitapiga pale pale wanapopigilia nguzo, pigo kwa pigo, nani atatenganisha?

Jioni nimekwenda kwa Ignasi, muuza vyuma chakavu, nikaazima mapipa mawili matupu na kipande cha reli. Stefania kaniuliza ya nini. Nimemwambia ya kukingia maji ya mvua.

Akaniuliza na reli?

Nimemwambia nitamjibu kesho.